MOXIE: tathmini ya kifaa kilichotengeneza oksijeni Mirihi

Ukitaka kujua kama binadamu anaweza kuishi Mirihi, anza na pumzi. Kwa upande huo kuna kifaa kimoja tu kilichopelekwa kule kikafanya kazi, nacho ni MOXIE. Kilibuniwa na chuo cha MIT pamoja na maabara ya JPL ya NASA, kikafungwa ndani ya gari la utafiti Perseverance na kutua nalo kwenye kreta ya Jezero tarehe 18 Februari 2021. Kiliwashwa mara 16, ya mwisho ikiwa Agosti 2023. Hapa tunakipima kama kifaa kingine chochote: kimetoa nini, kinakula umeme kiasi gani, kinaharibikia wapi, na kama mtu anaweza kukikabidhi uhai wake.

Ni sanduku la kilo 17, upana sentimita 24 kwa 24 hivi, kimo sentimita 31. Nje limepakwa utando wa dhahabu ili joto la ndani lisisambae na kuunguza vifaa vilivyo jirani.

Kazi inaanzia kwenye chujio la vumbi. Hewa ya Mirihi ni hewa ukaa kwa asilimia 95 hivi, kwa hiyo malighafi iko kila mahali na hakuna haja ya kuchimba. Tatizo ni wembamba wake: mgandamizo wake haufiki hata asilimia 1 ya ule wa usawa wa bahari hapa duniani. Ndiyo maana baada ya chujio hewa hupita kwenye kompresa yenye vipande viwili vilivyojikunja kama gamba la konokono, kimoja kikizunguka ndani ya kingine na kuisukuma hewa hadi ibanwe mara makumi. Kisha hupashwa moto mpaka nyuzi 800 za Selsiasi na kuingia kwenye seli 10 za kauri ya zirkonia iliyochanganywa na skandia (zote ni oksaidi za metali). Kauri hiyo ikiwa baridi haipitishi kitu. Ikifika joto hilo hupitisha ioni za oksijeni, yaani atomi zenye chaji ya umeme, peke yake. Umeme ukiwekwa, hewa ukaa hupasuka upande wenye nikeli, oksijeni huvuka kauri na kukusanyika upande wa pili, na kaboni monoksaidi hubaki nyuma na kutolewa nje pamoja na hewa ukaa ambayo haikutumika. Kaboni monoksaidi ndiyo gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, hivyo bomba lake la kutolea halipaswi kabisa kuwa karibu na makazi.

Ugumu wa kukiendesha uko kwenye volti. Kila seli inahitaji karibu volti moja ili hewa ukaa ivunjike. Ukiweka pungufu, oksijeni haitoki. Ukizidisha kidogo tu, kaboni monoksaidi nayo huanza kuvunjika na kuacha masizi ndani ya vitundu vya nikeli. Masizi hayo huziba njia ya gesi na yanaweza kuibandua nikeli kutoka kwenye kauri, na hapo seli imekufa. Hatari hiyohiyo hutokea pale ampia zinapokuwa nyingi kuliko hewa inayoingia, kwa sababu hewa ukaa huisha kabla ya umeme kupungua. Isitoshe, seli zimepangwa mafungu mawili ya tano tano, kila fungu likiwa mfululizo. Seli dhaifu hulazimika kupitisha ampia zilezile za wenzake, volti yake hupanda peke yake, nayo ndiyo itakayoanza kushika masizi huku nyingine zikiwa salama.

Kuna kosa la upande wa pili pia. Nikeli yenye joto kali ikikutana na hewa ukaa tupu hugeuka oksaidi na kupoteza uwezo wa kufanya kazi. Wahandisi walilitatua kwa kurudisha sehemu ya kaboni monoksaidi iliyokwisha kutengenezwa hadi kwenye mlango wa kuingilia, ili nikeli isikutane kamwe na hewa ukaa peke yake. Ni bomba dogo tu, lakini bila hilo seli zisingestahimili kuwashwa tena na tena. Kwa maoni yetu hapo ndipo penye ufundi bora kuliko sehemu nyingine yoyote ya kifaa hiki.

Sasa matokeo. Jaribio la kwanza, tarehe 20 Aprili 2021, lilitoa gramu 5.4 ndani ya saa moja. Baadaye kilifikia gramu 12 kwa saa, mara mbili ya lengo la NASA, kwa usafi wa asilimia 98 au zaidi. Hesabu inakubali: ampia 1 kwenye seli 1 hutoa takriban gramu 0.3 kwa saa, hivyo seli 10 kwa ampia 4 ni gramu 12. Kimefanya hivyo mchana na usiku na katika majira tofauti, ingawa uzito wa hewa ya kule unaweza kutofautiana hadi mara mbili ndani ya mwaka mmoja wa Mirihi. Kwa upande wa kemia, kifaa hiki kimefaulu bila shaka yoyote.

Jumla ya oksijeni yote iliyopatikana ni gramu 122. Mwanaanga hutumia takriban gramu 840 kwa siku, yaani 35 kwa saa. Zile 122 angezimaliza kabla ya saa nne, na hata MOXIE ikiwa kwenye kilele chake inampa theluthi tu ya pumzi yake.

Kwenye umeme kinakula sana kwa ukubwa wake: karibu wati 300, wakati jenereta ya nyuklia ya Perseverance hutoa wati 110 hivi. Kwa hiyo kilitegemea betri, na siku yake ya kazi vifaa vingine vililazimika kukipisha. Lakini usikihukumu kwa hilo pekee. Volti moja na nukta moja mara ampia 4 mara seli 10 ni wati 44. Hizo ndizo zinazopasua hewa ukaa. Zinazobaki zinakwenda kwenye kompresa, saketi na joto linalopotea, na joto linalopotea hupungua kwa uwiano kadiri mtambo unavyokuwa mkubwa. Mtambo kamili unaokadiriwa kutoa kilo 2 hadi 3 kwa saa ungehitaji kilowati 25 hadi 30. Hiyo ni kama kilowati-saa 10 kwa kilo ya oksijeni, dhidi ya 25 za MOXIE.

Kwa nini kilo nyingi hivyo, ilhali watu wanne wanatosheka na tani moja hivi kwa mwaka kwa kupumua? Kwa sababu ya roketi ya kurudi. Kuwanyanyua wanne hao kutoka Mirihi kunahitaji takriban tani 7 za fueli na tani 25 za oksijeni ya kuichomea. Kubeba tani 25 kutoka Duniani ni gharama isiyo na maana ikiwa hewa ya kule inaweza kuzitoa. Anayekisifu kifaa hiki kwa ajili ya pumzi pekee anaacha sehemu kubwa ya thamani yake.

Yasiyojaribiwa ni mengi na yana uzito. MOXIE ilifanya kazi saa moja moja, baada ya saa mbili hivi za kupashwa moto. Mtambo kamili lazima ukae kwenye nyuzi 800 zaidi ya mwaka bila kuzima, chujio likipokea vumbi kila saa na kompresa ikizunguka bila fundi wa kubadilisha beringi. Oksijeni ya MOXIE ilipimwa ikaachiwa hewani. Ile ya roketi itabidi ipozwe hadi nyuzi 183 chini ya sifuri na kutunzwa kwenye tangi kwa miezi. Na kwa oksijeni ya kupumua, kipimo cha kaboni monoksaidi kwenye bomba ni lazima, kwa kuwa ufa mdogo kwenye kauri unachanganya pande mbili.

Umeme wa kilowati 30 nao bado haupo kule. Paneli za jua hatuzipendekezi: dhoruba ya vumbi ya 2018 ililinyamazisha gari la utafiti Opportunity, na vumbi lililotanda juu ya paneli likakimaliza chombo cha utafiti InSight mwaka 2022. Kinu kidogo cha nyuklia, cha aina ambayo NASA iliifanyia jaribio Nevada mwaka 2018, kinafaa zaidi, japo vingehitajika kadhaa.

Kwa hiyo, kama uthibitisho kwamba hewa ya Mirihi inageuka oksijeni, tunaipa MOXIE alama zote. Kama kifaa cha kutegemewa na watu, bado. Kinachotakiwa ni mtambo mkubwa utangulie dirisha moja la safari kabla ya watu, yaani miezi 26, ujaze tangi peke yake, na chombo cha watu kisirushwe mpaka kipimo cha tangi hilo kisomeke tani 25.