Cape Point huko Cape Town, nendeni ila msiende na watu wa haraka haraka

Nimerudi juzi na ushauri wangu ni mmoja tu, usiende na gari la watalii. Dereva wetu alitushusha kwenye kibao cha Rasi ya Tumaini Jema, foleni ya picha ndefu, hujamaliza kujipanga ashapiga honi. Sikuona kitu! Kesho yake nikarudi na binamu yangu tukalipa kiingilio tena, iliniuma lakini basi.

Safari hii tuliacha gari pale kwenye kibao tukapanda kwa miguu hadi Cape Point, kama saa moja ukisimama simama, na utasimama tu maana kulia kwako ni magenge yamekatika wima mpaka majini, ndege wanaruka huko chini unawaona migongo. Upepo sasa, aisee, miwani ilinitoka usoni nikaidaka kwa bahati. Njiani kuna ngazi za kushuka Dias Beach, kushuka raha, kupanda ndio utajua magoti yako yana umri gani. Kuogelea sahau, mawimbi yale si ya mchezo.

Kule juu kuna mnara wa taa wa zamani, uko mita 238 juu ya bahari, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake, ukungu ukishuka taa haionekani. 1911 meli ya Kireno Lusitania ikapanda mwamba hapo hapo, ndio wakajenga mwingine chini zaidi, mita 87, ukaanza kuwaka 1919. Kuna kitreni cha kukupandisha kwenye mnara ila kama miguu ipo mi naona hasara.

Halafu mimi mtu wa Malindi, nguzo ya Vasco da Gama tumeizoea tangu safari za shule, kumbe na huku ana msalaba wake! Alipita hapa 1497, mwaka uliofuata akatia nanga kwetu. Nikamtumia mama picha akajibu, "huyo naye kwao hakukaliki?"

Ah na nyani. Binamu aliacha mlango wa gari wazi nusu dakika tu, likaja dume moja likachukua mkate mzima, likakaa juu ya boneti likawa linamega taratibu huku linatutazama kama sisi ndio wageni. Sweta bebeni hata jua likiwaka, na vioo pandisheni.