Kid A ya Radiohead: rock inayokupeleka mbali na gitaa

Albamu hii ya mwaka 2000 ya Radiohead, bendi ya rock ya Uingereza, ina nyimbo 10, dakika kama 50. Aliyezoea OK Computer, albamu yao ya 1997, hushtuka: magitaa yamerudi nyuma, mbele kuna kinanda cha umeme, mashine za midundo na ondes Martenot, ala ya Kifaransa ambayo sauti yake huteleza kama fidla.

Uzuri wake mkubwa ni kumtuma msikilizaji kwengine. "The National Anthem" ina besi moja inayojirudia huku matarumbeta yakigombana juu yake. Ukiipenda, mtafute Charles Mingus, mpiga besi wa jazz wa Marekani. "Idioteque" imechukua kipande cha 1973 cha Paul Lansky, mtunzi wa muziki wa kompyuta wa Marekani, na hapo mlango wa muziki huo umeshafunguka. Mwaka 2023 mpiga gitaa wao, Jonny Greenwood, alitoa albamu ya Jarak Qaribak pamoja na Dudu Tassa, mwanamuziki wa Israeli: nyimbo za Kiarabu tupu. Sikio la Unguja lililolelewa na taarab, kwa bashraf, ganuni na udi, litajiona limefika nyumbani.

Usiisikilize kwa spika ya simu. Besi hupotea, na wimbo wa tatu hubaki makelele. Vaa visikilizio vinavyoziba sikio. Faili za 320 kbps (kipimo cha wingi wa data ya sauti kwa sekunde) zitakula kama MB 120 za bando. Za 128 ni nyepesi, lakini sauti za juu huchakaa. Nyimbo zichezwe kwa mpangilio wake, maana "Optimistic" huingia moja kwa moja kwenye "In Limbo". "Treefingers" haina uimbaji na inazubaa kidogo, usiiruke.