Katiba ya fotokopi ya falanga 4000: hesabu kurasa mbele ya kulipa

Nyota 2 kwa 5, na ile ya pili ni juu ya kava. Kava ni muzuri kweli, plastiki nguvu, na ndani maandishi makubwa hata baba anasoma bila miwani.

Nilinunua hii kakitabu ya Katiba ya Congo (RDC) kwa bijana ba fotokopi kwenye njia ya kwenda campus ya Kasapa, hapa L'shi (Lubumbashi), juu nilikuwa na TP (kazi ya masomo) ya kuandika kuhusu serikali ya raia na basoda, nani anaamuru nani. Kijana akasema kesho nitaipata. Kesho kuran (umeme) haiko. Kesho kutwa mashini imekwama. Nikamuambia weye uko sawa na état de siège (basoda njo banatawala pa nafasi ya raia) ya Nord-Kivu na Ituri, ilianza tarehe 6/5/2021 kwa siku 30, kisha siku 15, tena 15, tena 15, bunge inaongeza tu na magavana raia bamewaachia viti majenerali. Akacheka. Bei haikushuka hata falanga 100.

Nafika nyumbani sasa, nafungua. Article 83 yenye kusema Raisi njo mukubwa wa jeshi yote, inaonekana. 85 yenye kumupa uwezo wa kutangaza ile état de siège, safi kama kioo. 187, iko. Nageuza ukurasa, napigwa na 192! Katikati hakuna kitu, na njo pale nilikuwa natafuta: 188, jeshi ni ya Jamhuri, haifanye politike, iko chini ya utawala wa raia, na mutu akiigeuza yake ni haute trahison (kusaliti inchi). Na 190 pia imepotea, ile inakataza mutu kujitengenezea milisi.

Nazani mashini ilimeza makaratasi mbili pamoja. Baba yeye anasema apana, ile ukurasa inapoteaka tangu zamani, 1960 musoda Mobutu aliweka raisi Kasa-Vubu na waziri mukuu Lumumba pembeni, 1965 akachukua kiti yote mpaka 1997. Mzee akianza hapo bukari inapoa.

Nilirudi kwa bale bijana, bakanitolea ukurasa moja peke yake, falanga 200 tena (!!), bakaibandika na kole kidogo. Kila nikifungua inaanguka chini. TP nilipata 13 kwa 20, ile si kosa yabo.