Pampu ya Mkono ya Kutoa Upepo kwenye Breki: Inachokiweza na Kinachoishinda

Watazamaji wangu, karibuni. Kifaa mnachokiona hapa mezani ni pampu ya mkono ya kufyonza, inayouzwa pamoja na chupa ndogo ya kukusanyia mafuta, mipira miwili ya kupitishia mafuta inayoonyesha ndani na vichwa vinne vya kuvalisha kwenye nipeli ya breki, yaani skrubu ndogo yenye tundu inayolegezwa ili mafuta na upepo vitoke. Inanunuliwa kwa ahadi moja: kwamba mtu aliye peke yake anaweza kutoa upepo kwenye breki za gari bila kumsumbua mwenzake akae ndani kukanyaga. Nimeitumia kwenye magurudumu yote manne ya gari langu, na ahadi hiyo nimeikuta ni ya kweli kwa sehemu tu.

Tukumbuke kwanza kazi yenyewe. Mafuta ya breki hayasinyai yanapobanwa, na kwa sababu hiyo nguvu ya mguu inafika kwenye pedi. Upepo ukiingia husinyaa, na kanyagio hulegea kama sponji. Tatizo la pili ni unyevu. Mafuta ya breki ya madaraja ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 hunyonya maji kutoka hewani, na DOT 4 ambayo yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, yakishanyonya maji ya kutosha yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 155 hivi. Katika mteremko mrefu joto la breki linaweza kufika huko, mvuke ukatokea ndani ya mabomba, na mvuke nao husinyaa kama upepo. Kwa hiyo mafuta ya zamani hubadilishwa hata kama kanyagio bado ni gumu. DOT 5 ni ya silikoni, hivyo msiyachanganye kamwe na hayo mengine licha ya majina yao kufanana.

Katika kuondoa mafuta ya zamani, pampu hii inastahili sifa. Nililiweka gari juu ya stendi imara, kwa maana jeki peke yake si ya kuaminiwa, nikaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu, ile inayosukuma mafuta kanyagio linapokanyagwa. Mpangilio huo haufai kila gari, kwa hiyo someni kitabu cha gari lenu. Nilivalisha mpira, nikavuta mpaka mshale wa pampu ukaonyesha karibu nusu ya kipimo, kisha nikalegeza nipeli robo ya mzunguko. Mafuta ya kahawia yalianza kushuka papo hapo, na baada ya muda yakafuatwa na mapya yenye rangi ya maji. Kasi hiyo ina hatari yake: nilikuwa nimeinama nikiutazama mpira kwa furaha, na nilipoinuka nikakuta kopo la juu, linaloilisha silinda kuu mafuta, limebakiza mafuta ya kina cha kidole. Lingekauka, silinda kuu ingevuta upepo na kazi ingeanza upya.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo maelezo ya kwenye boksi hayaligusi kabisa. Mtaona mapovu madogo yakipita kwenye mpira mfululizo, dakika baada ya dakika, na mtadhani breki zimejaa upepo. Nilipoteza karibu chupa nzima ya mafuta nikiyafukuza mapovu hayo kabla sijaelewa kwamba pampu inafyonza hewa ya nje kupitia nyuzi za nipeli iliyolegezwa. Nilipopaka grisi ya silikoni kidogo kuzunguka shina la nipeli, kwa nje tu ili isiingie kwenye tundu, mapovu yalipungua sana. Hata hivyo hayakuisha, na maana yake ni kwamba chombo hiki hakiwezi kukuambia kwa uhakika kama upepo umekwisha. Mtengenezaji angeweka angalau kichwa kimoja kinachobana vizuri. Hivi vinne vimelegea, na kimoja kilichomoka na kunimwagia mafuta mkononi. Yakigusa rangi ya gari huibabua, basi muwe na maji karibu ya kuyaosha mara moja.

Baada ya magurudumu manne, kanyagio lilikuwa zuri kuliko awali, lakini bado lilizama kidogo. Nikamwita ndugu yangu, tukarudi kwenye njia ya zamani: yeye anakanyaga taratibu na kushikilia, mimi nafungua nipeli, nafunga, ndipo yeye anaachia. Kabla ya kila mzunguko niligonga kalipa, kifaa kinachobana pedi gurudumuni, polepole kwa mpini wa mbao ili upepo ulioganda pembeni upate kupanda juu. Magurudumu ya mbele yalitoa mapovu makubwa mawili ambayo pampu iliyapita, na kanyagio likasimama imara. Angalizo moja kwenye njia hiyo: katika gari la zamani msikanyage hadi sakafuni, kwa sababu mipira ya kuzibia iliyo ndani ya silinda kuu inaweza kuchanika ikipita mahali penye kutu isipozoea kufika. Na kama upepo umeingia kwenye kifaa cha ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge wakati wa kufunga breki, baadhi ya magari huhitaji kompyuta ya fundi ili kufungua vali zake.

Kwa hiyo, mwenye msaidizi asiinunue. Fedha hiyo anunulie mafuta mapya na spana ya pete inayoikaa nipeli sawasawa, kwa kuwa nipeli iliyoviringwa pembe ni balaa. Asiye na mtu ainunue kwa kubadilishia mafuta, na kabla ya kuliondoa gari atafute mtu wa kumkanyagia hata kwa robo saa.