Mkahawa wa vitamutamu Seoul: agiza nini kwanza, uache nini

Wageni wengi wakifika Seoul huingia mkahawa wa kwanza wenye dirisha zuri, hununua kipande cha keki kwa won 8,000 au 9,000, kisha huondoka wakisema vitamutamu vya Kikorea havina jipya. Pesa yao imeishia kwenye krimu. Utamu wa nchi hii uko kwenye mchele, maharage na matunda yaliyolazwa kwenye asali. Huu ndio mpangilio ninaoufuata ninapompeleka mgeni.

Namba moja ni bingsu ya injeolmi, na sioni cha kushindana nayo. Bingsu ni barafu ya kukwangua, lakini siyo ile ya maji iliyomwagiwa sharubati ya rangi. Hapa hugandishwa maziwa, mashine ikayakwangua membamba mpaka yakawa laini kama theluji; yakigusa ulimi, yameisha. Juu yake hunyunyizwa unga wa soya iliyokaangwa, harufu yake karibu na karanga zinazotoka kikaangoni, na vipande vya injeolmi yenyewe, mchele wa kunata uliotwangwa ukavutika. Sulbing, mikahawa ya bingsu iliyoanzia mji wa Busan mwaka 2013, ndiyo iliyoipa umaarufu mkubwa. Bakuli la won 10,000 hadi 14,000 linatosha watu wawili. Usilikoroge. Chota kuanzia juu kwenda chini, kwa sababu unga ukilowa wote unabaki na uji baridi. Na usivute pumzi kijiko kikiwa mdomoni, utapaliwa.

Bingsu ya embe ni nzuri, ila bei yake haina huruma: ile ya hoteli ya Shilla ilivuka won 100,000 mwaka 2024. Kwa mtu aliyekulia chini ya mwembe, naona haihitajiki.

Namba mbili ni sogeum-ppang, mkate wa chumvi. Asili yake ni Japani, lakini Wakorea wameupokea kama wao. Kipande cha siagi hukunjwa ndani ya kinyunya. Ovenini siagi huyeyuka, huacha shimo katikati na kukaanga kitako cha mkate. Kwa hiyo kabla ya kuchukua, tazama chini: kitako kiwe cha kahawia na kikavu. Kama ni cheupe, uache. Bei ni kama won 3,000 hadi 4,000, na maduka mengi hubandika saa za mikate kutoka ovenini. Ukishapoa hautofautiani sana na skonzi.

Yakgwa naiweka ya tatu. Ni binamu wa visheti vyetu: unga wa ngano na mafuta ya ufuta, hukaangwa polepole, kisha hulowekwa kwenye shira yenye tangawizi. Muislamu aulize kwanza, kwani kwa desturi kinyunya hukandwa na pombe kidogo. Sema, "Sul deureogayo?", yaani, "Ina pombe?" Kroffle, yaani kroasanti iliyobanwa kwenye chuma cha wafo, inashibisha tu. Keki iwe ya mwisho.

Kwenye vinywaji, neno "cha", yaani chai, huwachanganya watu. Yuja-cha haina jani la chai hata moja: ni maganda na nyama ya tunda la jamii ya machungwa, yamehifadhiwa kwenye sukari au asali, yakamwagiwa maji ya moto. Inakwenda vizuri na mkate wa chumvi, uchachu wake unakata siagi. Ninayoipenda zaidi ni daechu-cha. Daechu ni ndugu wa kunazi za pwani, huchemshwa kwa saa nyingi mpaka mchuzi unakuwa mzito na mweusi, na juu huelea vijipande vilivyokunjwa kama ua. Iagize ya moto pembeni ya bingsu. Siku za joto chukua omija baridi, kinywaji chekundu cha matunda madogo ambayo jina lake lina maana ya ladha tano. Ukitaka jani la chai kweli, ulizia nokcha, chai ya kijani, ya Boseong au Hadong inakolimwa, uinywe bila sukari pamoja na yakgwa.

Mikahawa mingi, hasa ile midogo ya mtaa wa Ikseon-dong, hudai kila mtu aagize kinywaji chake. Ulizeni kabla ya kukaa, la sivyo bingsu ya wawili itawatoka won 25,000. Bakshishi haitolewi, na sinia unalirudisha mwenyewe. Jumamosi alasiri foleni hufika barabarani. Nenda siku ya kazi, saa tano asubuhi.