Uzoefu wangu: Canon EOS 700D na kitabu kilichonifundisha kuitumia

Kamera yangu niliinunua ikiwa imekwisha kutumika, pamoja na lenzi yake ya milimita 18 hadi 55, chaja na mkoba, lakini bila kijitabu cha maelezo. Aina hiyo ilitoka mwaka 2013 na ina megapikseli 18, ambazo kwa picha za harusi na za familia zinanitosha mpaka leo. Kijitabu cha kampuni kinapatikana bure kwenye intaneti, na nilikipakua, ila nilichokitaka mimi hakikuwa kuonyeshwa kitufe kilipo, bali kuelezwa nikibonyeze lini na kwa nini. Ndipo nikaagiza mwongozo wa Kiingereza wa kurasa 300 na ushei, ulioandikwa na mpiga picha asiyehusiana na kampuni hiyo.

Sura ya mwangaza peke yake imerudisha fedha yangu. Mwandishi anaeleza kwamba kamera haijui inatazama nini. Inapima tu nuru inayorudi kutoka kwenye kitu, na huchukulia kwamba kila kilicho mbele yake, kwa wastani, ni cha kijivu, kwa hiyo kitu cheupe sana itakififisha na cheusi sana itakipausha. Mfano wake ni theluji. Mimi ni mtu wa Tanga na theluji nimeiona kwenye televisheni, lakini nilipofika hapo nilikumbuka nikahi moja ambayo wazee walijipanga mbele ya ukuta wa msikiti uliopakwa chokaa, na kanzu zote zikatoka kama zilizofuliwa kwa maji ya mtaroni. Wakati ule nilimlaumu aliyeniuzia lenzi.

Jioni ya siku niliyoisoma sura hiyo nilimwomba babu avae kanzu yake ya Ijumaa akae barazani. Niliweka gurudumu kwenye Av, yaani mpiga picha anachagua upana wa tundu la lenzi na kamera inajipangia kasi, nikapiga picha ya kwanza bila kurekebisha chochote: kanzu ya kijivu, na macho ya babu yamezama gizani. Nikashikilia kitufe cha Av chenye alama za kujumlisha na kutoa, nikazungusha gurudumu dogo hadi +1, yaani kuiambia kamera iongeze mwangaza kwa hatua moja, na safari hii kanzu ikatoka nyeupe, na tarizi ya shingoni ikahesabika uzi kwa uzi. Nilipozidisha hadi +2 tarizi ikapotea yote. Babu akauliza, "Mjukuu wangu, unanipiga picha au unanipima macho?"

Kwa mashangazi waliovaa mabuibui nafanya kinyume, nashuka hadi -1, la sivyo nguo nyeusi inapauka na nyuso zinaungua. Hilo kitabu kinaligusa kwa sentensi moja tu. Kuhusu ngozi nyeusi kiko kimya kabisa, na picha zake za sura ni za watu weupe watupu, jambo ambalo kwa kitabu kinachouzwa dunia nzima naliona ni uzembe. Imenibidi nijifunze mwenyewe kupimia nuru usoni, kwa kipimo kinachosoma sehemu ndogo tu ya katikati, kisha nipunguze kidogo.

Ushauri wake juu ya unyevu nao ilibidi niugeuze. Yeye anamwonya msomaji anayetoka kwenye baridi ya nje na kuingia kwenye nyumba yenye joto. Kwetu lenzi huingia ukungu unapotoka ukumbini kwenye kiyoyozi na kulakiwa na joto la nje. Dawa yake, hata hivyo, ni ile ile: ifunge kamera kwenye mfuko wa plastiki kabla hujatoka, na usiufungue mpaka kamera ipate joto.

Kasoro nyingine ni za uchapaji. Sura inayofundisha rangi za taa na za jua imechapwa kwa picha za rangi nyeusi na nyeupe, ukaambiwa ulinganishe picha mbili ambazo kwenye karatasi ni pacha, na faharasa mara kadhaa ilinipeleka kurasa zisizohusika.

Nakipendekeza kwa anayesoma Kiingereza bila taabu na aliye tayari kukaa na kamera mkononi kila anapofungua ukurasa. Sura mbili za mwisho, za video, sijazisoma bado, na gundi ya mgongo wa kitabu imeshaachia pale pale kwenye sura ya mwangaza.