Nilivyoziba maungio ya Corolla KE70: silikoni hapana, sila ya poliyurethani ndiyo

Nina Toyota Corolla KE70 ya mwaka 1982 aliyoniachia marehemu baba. Kwa miaka mingi ilibeba dagaa na sangara kutoka soko la samaki la Mwaloni, pale Kirumba, Mwanza, na maji ya barafu yalikuwa yakichuruzika mpaka chini ya kapeti. Watu husema gari la Mwanza haliliwi na kutu kwa kuwa ziwa letu halina chumvi. Waje waione sakafu ya hili.

Mara ya kwanza kulitengeneza, fundi aliziba maungio yote kwa silikoni ya madirisha, ile inayonuka siki. Jina la gereji silitaji. Nilimuuliza, akanijibu, "Bosi, maji hayapiti hapo." Kweli hayakupita, kwa wiki kadhaa. Ila rangi ilipopulizwa ilikataa kushika kandokando ya silikoni, ikakimbia na kuacha vidoti vya mviringo kama macho ya sangara. Kibaya zaidi, ile harufu ya siki ni asidi. Juu ya bati tupu ni kama kuikaribisha kutu chai.

Kuiondoa ndiyo kazi iliyonichosha kuliko zote, maana thina haiyeyushi silikoni iliyokwisha kukauka. Nilikaa siku mbili na kisu, brashi ya waya na msasa, huku fundi bodi mwingine wa Nyakato akikata bati bovu na kuchomelea jipya. Yeye ndiye aliyenieleza vizuri: bodi ni mabati yaliyolazwa moja juu ya jingine na kuunganishwa kwa vidoti vya moto, na kati ya kidoti na kidoti kuna mwanya mwembamba unaonyonya maji kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Sila, yaani dawa ya kuzibia maungio, kazi yake ni kuufunga mwanya huo, na iweze kunepa gari linapopita kwenye mashimo bila kupasuka.

Nikanunua Sikaflex-221 ya kijivu, ya poliyurethani (aina ya plastiki inayonepa kama mpira), chupa ya mililita 300. Bei ilinipa kizunguzungu, zaidi ya mara tatu ya silikoni. Inaingia kwenye bunduki ileile ya silikoni, hivyo kifaa kipya hakihitajiki. Chupa tatu zilitosha sakafu, buti, ukuta wa injini na mifereji ya paa.

Hatukuipaka kwenye bati tupu. Tulipiga msasa, tukapuliza praima ya epoksi (rangi ya chini inayoshika bati na kuzuia kutu), ikakauka, tukaikwaruza kidogo ndipo sila ikaingia. Bandika tepu pande zote mbili za ungio, kata ncha ya chupa iwe na tundu dogo, sukuma sila iingie ndani ya mwanya badala ya kuelea juu, halafu lainisha kwa kidole chenye glavu. Tepu itoe kabla sila haijaanza kuota ngozi, la sivyo itang'oka nayo.

Hapo nilikosea mimi mwenyewe. Kwenye mfereji wa kulia niliona kidole kinanata, nikakichovya kwenye spiriti ili sila iteleze vizuri. Ikang'aa kweli! Wiki nzima baadaye bado ilikuwa laini kama ubani uliotafunwa. Kumbe spiriti huivuruga sila hii inapokuwa mbichi, isikauke tena. Nikaikwangua yote, nikarudia.

Kukauka kwenyewe hutegemea unyevu wa hewa, na kando ya ziwa unyevu si wa kutafuta kwa tochi. Hata hivyo inakwenda taratibu, kama milimita 3 kwa siku kutoka juu kuingia ndani. Fundi rangi alitaka kupuliza jioni ileile. Nilimsihi asubiri kesho, akanuna, akasubiri. Rangi imeshika bila doa.

Usinunue sila kwa ajili ya kuziba matundu ya kutu. Tundu linataka bati. Na vile vitundu vya chini ya milango viache wazi, ndiyo njia ya maji kutokea. Mimi nilikuwa nimeshaelekeza bunduki kwenye kimoja, fundi akanishika mkono. Jambo jingine: chupa ikishafunguliwa, imalize. Nusu niliyoificha kabatini kwa ubahili iligeuka jiwe.

Masika yote imepita, buti ni kavu na sakafu ya nyuma ni kavu. Miguuni kwa abiria wa mbele bado kulikuwa na maji, nikaanza kuilaani sila, mpaka tulipomwaga ndoo ya maji juu ya paa na kutazama kwa tochi. Ni mpira wa kioo cha mbele umechoka. Wa KE70 bado nautafuta, kwa sasa naweka kopo.